Kitambaa cha Kompyuta

Nyumbani kwetu Mwembesongo kila kitu kilivaa. Redio ilivaa, chupa ya chai ilivaa, makochi yalivaa vitambaa migongoni na mikononi. Mama alikuwa anafuma vitambaa hivyo tangu alipopunguzwa kazini, kiwanda cha nguo kilipouzwa, kwa sababu mikono yake ilikataa kukaa bure. Aliponunua kompyuta kwa kiinua mgongo chake chote, nayo ikavishwa. Lile boksi lenye mashine yenyewe lilifumiwa kitambaa cheupe chenye mashada, kikaanguka mbele na nyuma mpaka karibu na meza. Mimi nilichapa kazi za wanachuo katika chumba cha mbele, yeye akikaa pembeni na sindano yake ya kufumia.

Kiangazi kimoja kilikataa kuisha. Barabara ilitimua vumbi jekundu, na majivu ya mashamba yaliyochomwa huko milimani yalitua hata ndani ya sufuria. Mashine ikaanza kuzimika yenyewe. Unachapa, mara kioo cheusi. Kwanza nilisingizia mgao wa umeme, lakini redio ya jirani ilikuwa inaendelea kupiga kelele. Nikagusa boksi, la moto kama pasi. Miaka yote ambayo mama alisimama kiwandani ilikuwa imeishia kwenye boksi lile, na hatukuwa na jingine.

Sikumwambia. Nilisubiri aende sokoni, na mimi si mtu wa kusubiri. Hata hajafika kwenye kona nilikuwa nimeshajifunga kanga kiunoni. Nikachomoa waya ukutani, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki ndani uishe, nikabeba boksi hadi barazani kivulini. Nikalifungua kwa bisibisi. Kabla ya kugusa chochote cha ndani nilishika kwanza chuma cha boksi, maana hata mwili una umeme wake, na kila baada ya muda nikakishika tena. Nilikuwa na brashi mpya ya rangi, kavu, na pampu ya baiskeli ambayo nilianza kwa kuipulizia kiganjani nione kama haitemi maji wala mafuta. Kupuliza kwa mdomo hapana, mate yangeharibu zaidi.

Vumbi jekundu lilitoka kirahisi. Chini yake, kwenye feni, palikuwa na kitu kingine kimegandamana kama godoro kuukuu: nyuzi. Nyuzi nyeupe. Nikasimama, nikaenda mpaka getini, nikarudi, nikaenda tena. Ningezitupa wapi mama asizione? Na kitambaa chenyewe ningekiondoa kwa kisingizio gani? Nilikuwa bado nahangaika na mawazo hayo mama aliporudi. Alikuwa amesahau kikapu.

Aliona matumbo ya kompyuta yake yako nje, akashika nguzo ya baraza.

“Umeiua?”

“Hapana, mama. Naisafisha tu.”

Akachuchumaa, akachomoa kipande cha zile nyuzi, akakisokota kati ya vidole.

“Uzi wangu huu.”

“Kidogo tu, mama. Vumbi la barabarani ndilo jingi.”

Akanitazama, akaona namdanganya.

“Siku ya mwisho kiwandani walizima mashine zetu, wakazifunika turubai,” alisema. “Mpaka leo zimefunikwa vilevile. Halafu na mimi nikaja kuifunika hii.”

“Hukujua, mama.”

“Nilijua. Mashine inayofanya kazi haifunikwi. Nilitaka na mimi niwe na cha kuifanyia, mwanangu. Wewe unaichapia, mimi naiangalia tu.”

Niliumia. Nikampa pampu. Mimi nikaibana feni kwa kijiti isizunguke, yeye akapampu. Vumbi lilimrukia usoni, akapiga chafya, akaendelea, kwa nguvu ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu alipoacha kwenda kiwandani.

Tuliporudisha waya ukutani mashine iliwaka, ikakaa imewaka. Mama aliweka kiganja nyuma ya boksi, akakiacha hapo muda mrefu, upepo wa feni ukimpiga. Kitambaa alikikunja, akakiweka kabatini. Jumamosi iliyofuata nilimwamkia shikamoo kama kawaida.

“Marahaba,” akaitikia, kanga tayari iko kiunoni. “Pampu iko wapi?”