Mabenchi ya Mama Cheche

Shangazi yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na hapimi kitu kwa futi. Anapima kwa mwili wake: shibiri kwa dirisha, mkono kwa geti, na mguu kwa chochote kinachokaliwa. Mtaani wanamwita Mama Cheche, kwa sababu ya kazi na kwa sababu ya mdomo. Kimo chake, nasema kwa heshima zote, kinaishia begani kwangu, nami si mrefu.

Miaka ishirini aliishi vizuri kwa hisani ya wezi. Kila simu iliyoporwa kwenye uchochoro wa nyuma ya karakana yake ilimletea mteja wa nondo za dirisha. Kisha manispaa ikabandika barua: uporaji usipokoma ndani ya miezi miwili, uchochoro utazibwa kwa ukuta. Shangazi akasoma, akasoma tena, akaketi. Wateja wake wote walipitia humo humo. Ukuta ungemfungia kazi bila hata kugusa kufuli lake.

Majirani walitaka polisi. Yeye alichukua stuli, akakaa uchochoroni kutwa nzima akitazama. Aliyoyaona ni haya: kuta mbili zisizo na dirisha hata moja, rundo la vyuma chakavu la mtu kujificha nyuma yake, tena rundo lake mwenyewe, na kona ambayo hakuna aliyekuwa na sababu ya kusimama hapo isipokuwa vijana wanaongoja simu ya mtu.

"Mwanangu," aliniambia, "kumbe mimi ndiye niliyewajengea hawa ofisi."

Nilicheka hadi mbavu zikauma. Yeye hakucheka. Kesho yake aliuza lile rundo, akatoboa ukuta wa karakana na kuweka dirisha pana lisilo na nondo, majirani wakamwonea huruma wakidhani ameanza kuchanganyikiwa. Akatundika taa. Mwisho akachomelea mabenchi manne pale konani, yakitazamana, ili kila anayepita asalimiwe pande zote. Alishikilia kwamba ni vigumu kumpora mtu ambaye umeshamuuliza habari za nyumbani.

Mabenchi, bila shaka, aliyapima kwa mguu wake.

Siku ya kwanza wale vijana, warefu kama nguzo za umeme, wakakaa, magoti yakawafika masikioni. Mtaa mzima ulitoka kuangalia. Bibi mmoja alicheka mpaka akaomba maji. Huwezi kumtisha mtu ukiwa umekunjwa namna ile. Kiongozi wao, aliyeitwa Kasi, na sote tulijua kwa nini, akaingia karakana amenuna.

"Mama, hivi umetutengenezea viti vya chekechea?"

Shangazi alimtazama kuanzia viatuni hadi utosini, safari ndefu, akafungua sanduku, akatoa futi mpya ambayo hajawahi kuitumia, akamtia mkononi.

"Haya, kapime wewe."

Wakapima, wakabishana, wakapima tena. Yeye akawafundisha kukata na kuunga. Wakayainua mabenchi, wakaongeza egemeo, kisha meza ya drafti, kisha paa la bati kwa ajili ya mvua. Simu ya mwisho iliporwa wiki ile ya kwanza. Kufikia wiki ya tano walikuwa wakifokeana kuhusu rangi, na Kasi alimkemea mama mmoja kwa kutupa ganda la ndizi. Mimi furaha ilinizidi, nikawa natafuta visingizio vya kupita pale mara nne kwa siku, nasalimiwa kama waziri.

Miezi miwili ilipotimia, ofisa wa manispaa akaja na faili na lori la matofali. Lori halikupita, drafti ilikuwa imekolea. Ofisa akaketi kati ya vijana wawili, akatoa simu, akapiga picha za dirisha, taa na paa. Shangazi alisimama mlangoni akimtazama.

"Mama, wale wezi walihamia wapi?" ofisa akauliza.

"Hawajahama, baba. Umekaa katikati yao."

Ofisa akatazama kulia, akatazama kushoto, akaishika simu kwa mikono miwili. Kasi, aliyekuwa kulia kwake, akasogea kidogo ili mgeni akae vizuri. Ofisa akakohoa, akaiweka simu juu ya benchi, akafungua faili na kuandika kwamba ukuta usijengwe. Shangazi akaingia ndani, akavaa miwani yake nyeusi ya kuchomelea, na bila kuwasha mashine akalia kwa furaha, akidhani hatumwoni.