Siku Tuliyochimba Matoka

Asubuhi hiyo nilimrudishia mwenye ploti ufunguo wa chumba changu mtaani Landless, Thika, nikatia nguo mbili kwenye begi, nikaanza kutembea. Sikuwa na mahali pa kwenda. Niliacha shule mapema, na tangu hapo chochote ninachojua nimekipata kwa kuuliza watu njiani. Nilielekea upande wa Ruiru, kisha nikaona njia ya murram, isiyo na lami, ikiingia kwenye mashamba ya kahawa. Nikaifuata.

Mbele nilikuta watu wengi shambani, wakibishana. Nikasogea, nikamuuliza mama mmoja kuna nini.

"Kesi," akasema. "Wazee wa kijiji wamekuja kuangalia mpaka."

Akanisimulia. Mwenye kesi alikuwa mjane, mzaliwa wa Kakamega, aliyeolewa hapo zamani. Mumewe alipofariki, shemeji yake alichukua kipande cha shamba lake, kile chenye njia ya pekee ya kutokea barabarani. Sasa hakuwa na pa kupitisha ng'ombe wala maziwa. Alikwenda korti mjini Thika mpaka akachoka, kila mara akiambiwa arudi siku nyingine. Ndipo akawaita wazee, ambao husikiliza kesi palepale penye ugomvi.

Shemeji alikuwa akionyesha mstari wa matoka, yale maua meupe ambayo Wakikuyu hupanda mpakani na ambayo ni mwiko kuyang'oa.

"Si mnaona wenyewe? Mpaka wa baba yetu ndio huu. Huyu mama akitaka njia, aende akaitafute kwao."

"Kwetu ni hapa!" mjane akamjibu. "Watoto wako wakija kunywa chai yangu wananiita tata, shangazi yao. Wewe ndiye unaniita mgeni?"

Watu wakacheka. Mzee aliyeongoza kesi akainua mkono.

"Mama anasema matoka haya yamehamishwa. Basi tuchimbe. Lakini achimbe mtu asiye na ndugu hapa." Akaangaza macho, yakatua kwangu. "Wewe wa begi, unatoka wapi?"

"Landless, guka," nikamjibu, kama Wakikuyu wanavyomwita babu.

"Huyo hata shamba la kugombania hana!" mtu akapaza sauti.

"Ndiye tunayemtaka," mzee akasema. "Mpeni jembe."

Nilianza na mstari wa shemeji. Pigo moja tu, toka likang'oka lote, mzizi mmoja mfupi kama kitunguu. La pili vivyo hivyo. Kisha mjane akasimama penye nyasi tupu, akakanyaga chini. "Hapa."

Nikachimba. Udongo mwekundu, mawe, hakuna kitu.

"Chimba ufike Thika!" shemeji akanicheka.

Jasho lilinitoka. Nilimtazama mjane, alikuwa ameshika leso yake kwa mikono miwili. Nikaongeza nguvu, na jembe likakata kitu cheupe. Nikapiga magoti, nikafukua kwa vidole. Mizizi minene, imeshikana fungu zima, mingine tayari inachipua gizani.

Mzee akainama, akatazama, akamgeukia shemeji. "Matoka ya miaka mingi huzaana chini kwa chini. Wewe umebeba watoto, ukamwacha mama yao."

Vigelegele vya mjane vilisikika hadi bondeni. Wanawake wengine wakampokea. Na kwa amri ya wazee, shemeji akapiga magoti mbele yetu sote, akayarudisha matoka yake moja moja kwenye mstari wa zamani. Hakuna aliyeondoka mpaka alipomaliza.

Mjane akanijia. "Kijana, leo unalala wapi?"

"Bado sijui, mama."

"Kuna kibanda nyuma ya nyumba. Kitanda kipo, ila kuku wamekizoea."

"Wakikataa kutoka je?"

"Tutawaita wazee!"

Tukapita kwenye njia yake, yeye mbele na ng'ombe wake. Nikatua begi kibandani, nikakaa mlangoni. Jioni nzima wanawake wa kijiji walipanda na kushuka njia ile, mikono mitupu, wakicheka. Hakuna aliyekuwa na shughuli huko. Walikuwa wanapita tu.