Kifungo Nilichokiomba

Nilikuwa mshauri wa mahakama ya mwanzo karibu na Igalula kwa miaka saba. Watu walituita wazee wa baraza, hata sisi wanawake. Hakimu akishasikiliza kesi, alitugeukia na kutuuliza maoni yetu.

Siku moja aliletwa kijana mmoja, baba wa watoto watatu. Alikuwa amerina asali kwenye mizinga ya mtu mwingine porini, akakamatwa na madumu mawili. Hakukana. Alisema msimu ulikuwa mbaya na mizinga yake ilikuwa imehamwa na nyuki.

Hakimu alituambia, "Hili ni kosa lake la kwanza. Nafikiria kifungo cha nje, afanye usafi pale zahanati, alipe na asali ya watu."

Mwenzangu akakubali. Mimi nikasema, "Hapana, mheshimiwa. Aende gerezani akafundishwe. Tukimwonea huruma, kesho mizinga yote itakwisha."

Nilisema kwa ukali, na kwa muda mrefu. Kile ambacho sikukisema ni kwamba msimu uliotangulia mizinga ya kaka yangu ilirinwa, na mwizi hakupatikana. Yule kijana hakuhusika. Lakini nilipomtazama kizimbani, nilimwona yule ambaye hatukumpata. Hakimu alifikiri kidogo, akampa miezi sita.

Alipotoka, kikundi cha wafuga nyuki kilimkatalia kurudi. Mizinga yake ilikuwa imeoza. Alikaa nyumbani kama mgeni, mkewe ndiye aliyekuwa akilima vibarua. Baada ya muda wakaanza kuja wanaume wawili kwa pikipiki, watu ambao hakuna aliyewajua kijijini. Kisha duka moja likavunjwa, na yeye akakamatwa pamoja nao.

Nilimkuta kwenye veranda ya mahakama, amefungwa pingu, akisubiri gari la kumpeleka mjini Tabora. Nilitaka kupita kama sijamwona.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba." Nikamuuliza, "Wale umewatoa wapi?"

"Tulilala chumba kimoja kule ndani. Nilipotoka, wao ndio walionitafuta. Hapa nani mwingine alinitafuta?"

Hakusema kwa hasira. Angenitukana ningepata nafuu.

Jioni ile nilimfuata hakimu ofisini nikamweleza habari za mizinga ya kaka yangu. Alivua miwani.

"Ulipaswa kujitoa kwenye ile kesi, mama. Ungeniambia tu asubuhi ile."

"Najua."

"Na mimi nilikusikiliza," akasema.

Safari hii yule kijana alihukumiwa miaka mitano. Mimi niliandika barua ya kuacha ushauri. Sababu niliyoandika ni magoti, kwamba kukaa kwenye benchi kunaniumiza. Kweli yanauma, ila si kiasi hicho.

Habari ya magoti ilifika hadi kanisani kwetu. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mke wa yule kijana alinijia na chupa ndogo ya mafuta ya nyonyo. "Nimesikia unaumwa, mama. Pole sana. Jipake ukiwa umekaa kwenye jua," akasema, akanishika mkono.

Nikaipokea. Nikamwambia asante, na mpaka leo sijamwambia kitu kingine.