Sahani ya Bi Zuhura

Kaa karibu nikusimulie. Mafuta ya breki yana harufu kali inayokwama kooni, lakini mimi kila ninapoisikia hukumbuka iliki. Msimu ule wa kusi, uani kwetu Jang'ombe, harufu hizo zilikutana: mama akichoma vitumbua vya iliki, na baba amelala chali, miguu nje ya mlango wa gari, kichwa chini ya usukani. Dada Mwanaisha alikuwa ameolewa Chwaka, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imetimia. Kwetu binti huja kujifungulia kwa mama yake, kwa hiyo alasiri ile baba alikuwa aende kumchukua. Lakini pedali ya breki ilikuwa ikiyumba kama jino bovu. Fremu inayoishika, kule juu gizani, ilikuwa imepata ufa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Baba akasema ufa wa breki hauzibwi, chuma hubadilishwa.

Alikuwa amenunua pedali nyingine pamoja na fremu yake, spea ya mtumba lakini nzima. Mama alikataa sahani zake kutiwa grisi, akaenda kuazima ya bati kwa jirani yetu, Bi Zuhura. Mimi nikawa napokea kila kilichofunguliwa na kukiweka sahanini: nati, springi, swichi ya taa za nyuma, kisha pini inayounganisha pedali na ufito wa kusukuma breki. Pamoja nayo ilikuja klipu ndogo kama ukucha.

"Hii ndiyo bawabu," baba aliniambia bila haraka. "Inaizuia pini isichomoke. Umeelewa, mwanangu?"

"Naam, baba."

Kufunga kulichukua muda mrefu kuliko kufungua. Hatimaye baba akakanyaga pedali, ikawa ngumu kama inavyotakiwa. Akawasha gari, akaniambia nirudishe sahani ya watu. Niliirudisha, na nilikuwa sijafika hata jikoni kwetu niliposikia sauti ya Bi Zuhura juu ya ukuta.

"Jamani! Najua sahani ya jirani hairudi tupu, lakini mmeishiwa hata kitumbua, mnaniletea chuma?"

Mama alicheka mpaka akaegemea mlango. Baba naye alicheka, kisha ghafla akazima gari. Klipu ilikuwa imenasa kwenye grisi, ukingoni mwa sahani. Pedali ingekubali kwa muda, alinieleza baadaye, huku pini ikitoka kidogo kidogo. Kisha mahali fulani kwenye barabara ya Chwaka, dada akiwa kiti cha nyuma, mguu ungekanyaga na gari lisisimame. Baba alirudi chini ya usukani, akaitia klipu, akaivuta kwa kidole kuhakikisha. Bi Zuhura alipelekewa vitumbua vya mkupuo wa kwanza, na kabla ya magharibi dada alikuwa uani kwetu, ameshika kiuno, anauliza kwa nini kila mtu anamtazama hivyo.

Leo nina gari langu. Gereji zina makabati ya vifaa, na simu inakuonyesha kila nati ilipo. Ni neema, sizibezi. Hata hivyo ndani ya buti langu imo sahani ya bati. Nawe siku ukifungua kitu, weka vipande vyote kwenye sahani moja. Ukishamaliza, ipeleke kwenye mwanga, pitisha kidole ukingoni, ndipo uwashe gari.