Kamera Isiyolia

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la kamera na picha pale mtaa wa Chemchem nikijaribu kamera ndogo, zile za kisasa zisizo na kioo ndani wala mlio, ambazo sisi wapenda picha tunaziota. Muuzaji alisifu wepesi wake na lenzi zake, lakini mimi sinunui kitu mpaka muuzaji achoke. Nikatafuta uso wa kujaribia. Kwenye benchi alikuwa bibi mmoja kutoka kijiji cha Kwihara, akisubiri picha za pasipoti.

“Shikamoo, bibi. Naomba nikupige moja ya majaribio.”

“Marahaba. Ngoja nijiweke sawa.” Akavuta kanga, akakaza shingo, akakunja uso kama yuko mbele ya hakimu. Nikabonyeza.

“Bado?” akauliza, midomo haisogei.

“Tayari, bibi.”

“Mbona haijalia?” Akacheka, kiganja mdomoni. Nikabonyeza tena, kimya vilevile.

Nikampa kamera ajione. Picha ya kwanza hakuijali. Ya pili aliitazama kwa muda mrefu.

“Huyu mama yangu,” akasema taratibu. “Alikuwa akicheka hivihivi. Hatuna hata picha yake moja.”

Muuzaji akaniuliza kama nimeridhika na kamera. Nikamwambia asubiri kidogo, bibi alikuwa bado hajairudisha.