Bogenvilia ya Marehemu Zenon

Leokadia alikuwa na wifi ghorofani, na mtu mwenye wifi ghorofani hana haja ya kutafuta adui mtaani. Nyumba yenyewe ilikuwa ya urithi, ya matofali mekundu, katika mji mdogo wa Olszyniec huko Polandi, mahali ambapo theluji huwahi kuanguka watu hawajamaliza kuchuma matufaha. Chini aliishi Leokadia, mjane aliyestaafu kazi ya kiwanda cha nyuzi. Juu aliishi Stefania, dada wa marehemu mumewe, pamoja na binti yake Dorota. Mlango wa mbele ulikuwa mmoja, ngazi moja, na chini ya ardhi kulikuwa na chumba kimoja cha kuhifadhia viazi na mitungi ya matango ya chumvi. Kila mmoja alikuwa na ufunguo wake.

Zenon, mume wa Leokadia, aliendesha malori ya masafa marefu. Safari moja alirudi kutoka Sisili na kijiti cha bogenvilia, amekiviringisha kwa gazeti lililoloweshwa maji na kukificha chini ya kiti. Kwingine duniani bogenvilia hupanda ukuta bila mtu kuigusa. Huko Olszyniec ilibidi ilelewe kama mtoto njiti. Zenon aliipanda kwenye pipa la mbao lililokatwa nusu. Kiangazi ilikaa barazani, ikapanda fremu aliyoichonga mwenyewe, ikachanua rangi ya zambarau hadi wapita njia wakasimama kwenye uzio kuitazama. Vuli ikifika, kabla ya usiku wa kwanza wa jalidi, umande unapoganda, waliipunguza matawi, wakaliteremsha pipa juu ya mbao mbili hadi chumba cha chini. Huko ililala gizani, baridi isiyoua, ikinywa maji kikombe kimoja kwa wiki kadhaa, hadi majira ya machipuko.

Zenon alipofariki, vita vilianzia kwenye chakula cha msiba. Watu walikuwa bado wanakunywa supu ya kuku, Stefania akaweka kijiko chini.

"Wifi, ule mmea nitauchukua mimi. Ni wa kaka yangu."

"Chukua saa yake," Leokadia akamjibu. "Chukua zana zake, chukua hata gari. Mmea sitoi."

"Wewe uliletwa hapa. Sisi tumezaliwa humu."

"Basi kaombe na kitanda chake, maana nacho kilizaliwa humu."

Mmoja wa wageni alicheka, na Stefania hakumsahau aliyemchekesha.

Miaka miwili wakapishana ngazini kwa salamu za midomo tu. Ukaja msimu wa baridi ambao hata mto uliganda hadi chini ya daraja. Asubuhi moja ya Januari Leokadia alishuka na kikombe chake cha maji. Mlango alipoufungua tu, baridi ilimpiga usoni. Dirisha dogo lililotazama bustani lilikuwa wazi, tena si wazi hivi hivi. Lilikuwa limesukumwa nje na kushikizwa kwa ndoano yake lisirudi. Theluji ilikuwa imejikusanya sakafuni. Mitungi yake ya matango ilikuwa imepasuka. Aliishika bogenvilia, tawi likakatika mkononi kama kijiti cha mkate mkavu. Alikwangua gome kwa ukucha akitafuta ukijani. Akakwangua chini zaidi, hadi kwenye shina nene ambalo Zenon alikuwa akilipigapiga kila vuli kama mtu anayeaga ng'ombe wake. Kote kulikuwa kahawia.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hapo ndipo alipoiona rafu ya Stefania. Ilikuwa tupu. Viazi, mitungi ya jamu, karoti zilizofukiwa kwenye mchanga, vyote havikuwepo. Mtu alivihamishia juu kwanza, ndipo akafungua dirisha.

Leokadia hakupanda ngazi kupiga kelele. Alifunga dirisha, akafagia theluji, akaokota vigae vya mitungi. Jioni walipokutana mlangoni, Stefania alimuuliza, "Vipi huko chini, wifi? Baridi hii haijakuharibia kitu?"

"Matango tu," akasema Leokadia.

"Pole. Mwaka ujao utaweka mengine."

"Ahsante, wifi."

Tangu siku hiyo alikuwa mpole kiasi cha kushangaza. Alimpelekea Stefania keki ya mbegu za mpopi. Alimfagilia theluji mlangoni. Stefania alidhani mambo yamekwisha, na wahenga walishasema mwenye kovu usidhani kapoa.

Machipuko yalipokaribia, Dorota alishuka akiwa na furaha hadi masikioni. Alikuwa anaolewa wiki ya kwanza ya Juni.

"Mama anataka tupigie picha pale chini ya klematisi yake," akasema. "Ameshawaambia watu wote wa kanisani. Anti, mbona unaniangalia hivyo?"

"Nakuangalia kwa sababu umekuwa mkubwa," akasema Leokadia, akambusu paji la uso. Alimpenda binti yule. Baada ya Zenon kufa, Dorota ndiye aliyekuja kila vuli kumsaidia kuteremsha pipa.

Klematisi ile ndiyo iliyokuwa fahari ya Stefania. Ni mmea mtambaazi wenye maua mapana ya samawati, na wake ulipanda kutoka kwenye kona ya bustani hadi kwenye baraza yake ya juu. Ila aliyeutunza hakuwa yeye. Zenon ndiye aliyekuwa akiufunika vuli kwa majani makavu na matawi ya msonobari, na kuufunua machipuko. Alipokufa, kazi ikabaki kwa Leokadia. Stefania aliogopa kupanda ngazi ya kuegemeza, na udongo aliuona uchafu.

Zenon alimfundisha mkewe jambo moja juu ya mmea ule, akalirudia kila mwaka. Klematisi hii huchanua Juni kwenye matawi ya mwaka jana. Machipuko unaondoa ncha zilizokufa tu. Ukiyakata matawi ya zamani, mmea hautakufa, lakini maua ya Juni umeyaua.

Siku moja ya Machi Leokadia alitoka na mkasi wa bustani. Aliondoa matawi ya msonobari, akayakuta mashina mazima, vichipukizi vimeanza kuvimba. Akasimama. Alimfikiria Dorota na gauni lake. Mkono uliokuwa na mkasi ulishuka, na huenda mambo yangeishia hapo.

Dirisha la juu likafunguliwa.

"Wifi! Na lile gogo lako la chini bado hujalitupa tu? Nilishuka jana, linanuka uozo."

"Nitalitupa."

"Litupe bwana, viazi vyangu nimevirudisha kule. Na huo wangu ukate vizuri. Kaka alikuwa anaukata mwezi huuhuu."

"Niukate?"

"Si ndiyo kazi yenyewe?"

"Haya, wifi," akasema Leokadia. "Umesema mwenyewe."

Akaukata. Alikata kila kilichozidi usawa wa goti, hakuacha tawi. Kila aliloliangusha lilikuwa na vichipukizi vyake, naye aliviona, akaendelea.

"Mbona mfupi hivyo?" Stefania akauliza kutoka juu.

"Ili upate nguvu."

Hilo halikuwa uongo. Mmea ulipata nguvu. Mei nzima ulirefuka, ukafunika kona yote kwa majani mabichi manono. Stefania alikuwa akitoka barazani kila asubuhi na kahawa yake, akipekua majani kama mtu anayetafuta chawa. Ilipobaki wiki moja kabla ya harusi, alishuka akiwa na kandambili, akamkuta Leokadia akipalilia vitunguu.

"Hakuna hata tumba moja."

"Naona."

"Umeufanya nini mmea wangu?"

"Nimeukata, kama ulivyoniambia."

"Wewe unajua mambo haya. Kaka alikufundisha. Ulijua." Akasogea karibu. "Nimewaambia watu, Leokadia. Mpiga picha anatoka mjini. Hivi wewe una roho gani?"

Leokadia aliendelea kung'oa magugu. "Dirisha la kule chini lilifunguliwa na nani, wifi?"

Stefania alitazama uzio. "Upepo."

"Na viazi vyako navyo vilibebwa juu na upepo?"

Uso ulimwiva Stefania hadi shingoni. Akageuka, akapanda ngazi polepole akishika ukuta. Leokadia alimsikiliza hatua kwa hatua, na moyo wake ulikuwa mtamu kama alivyotarajia. Usiku ule alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu Januari.

Harusi ilipita. Bibi harusi alipigwa picha mbele ya majani matupu, mama yake akiwaeleza wageni kwamba mwaka huu hali ya hewa imevuruga kila kitu. Kabla ya kuondoka kwenda kwa mumewe, Dorota aliingia jikoni kwa Leokadia, gauni amelikusanya mkononi.

"Viazi nilivibeba mimi," akasema. "Mama aliniambia anataka kupaka rafu rangi. Ulipotoa lile gogo ndipo nikaelewa."

"Sikujua kama ni wewe."

"Sasa unajua. Sikulaumu kwa mmea, Anti. Lakini mngeningoja niolewe kwanza, ndipo mraruane." Akambusu, busu fupi, akatoka.

Leokadia alibaki ameshika ukingo wa meza. Alijichunguza kama kuna majuto. Kwa Dorota yalikuwepo. Kwa Stefania alitafuta kila pembe ya moyo, hakuyapata hata ya kulamba.

Agosti klematisi ilichanua. Maua machache, lakini makubwa kama visahani, kwenye matawi mapya. Nyumba ilikuwa kimya, hakuna mgeni wala mpiga picha. Stefania alikaa peke yake barazani akiyatazama, na Leokadia hakutoka nje siku zile ili asimpe nafasi ya kumsemesha.

Oktoba, Leokadia alitia kufuli jipya kwenye mlango wa chumba cha chini, akamwachia wifi ufunguo wa pili juu ya ngazi bila neno. Halafu alichukua majani makavu na matawi ya msonobari, akaelekea kwenye kona ya bustani. Kusema kweli, alikuwa anakwenda kuufunika mmea. Alimkuta Stefania amekwisha fika, amepiga magoti kwenye udongo, na kando yake bunda la nailoni nyeusi.

"Usiuguse," Stefania akasema bila kugeuka. "Wangu nitaufunika mwenyewe. Hukaribii hapa tena na mkono wako."

"Sawa."

"Unafikiri ni wewe tu unayejua?"

"Sijasema kitu, wifi."

Stefania alizungusha nailoni kwenye mashina yaliyolowa mvua, raundi juu ya raundi, akaifunga kwa kamba hadi pumzi isipite. Leokadia aliangalia. Alijua maji yaliyobanwa mle hayatakuwa na pa kutokea, na kwamba kabla ya Februari mashina yatakuwa yameoza kutoka ndani. Neno moja tu lingetosha. Lilimfika ulimini, akalimeza.

Aliweka mzigo wake wa matawi ya msonobari kando ya uzio, akarudi jikoni kumenya vitunguu vya supu.