Mbwa wa kuwinda hashindishwi njaa: nilivyobishana na baba mkwe nisiyeruhusiwa kumsemesha

Wakuu, heshima zenu wote. Na dada zangu mliojificha humu kwa majina ya kiume, nawasalimu pia.

Juzi nimesoma uzi wa jamaa anauliza ampe nini mbwa wake wa kuwinda. Mtu wa kwanza kamjibu kwa kujiamini kabisa: "Mshindishe njaa siku mbili, atakamata hadi kivuli chake." Na watu wamegonga laiki.

Nilitaka kupita kimya. Nimeshindwa.

Haya ninayoandika yamenipata mwenyewe na siongezi chumvi. Someni mpaka mwisho ndipo mnitukane.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa sabuni za kila rangi, mitumba ikamwagwa sokoni, na kila mtu akawa mfanyabiashara. Neno la mjini lilikuwa moja tu, ruksa.

Mimi nilikuwa mke mpya. Nimezaliwa Kisiba, nikaolewa Kyimo kwa kijana anaitwa Asajile. Nyumba yetu na ya wazazi wake zilitenganishwa na migomba tu.

Baba mkwe alikuwa mwindaji wa kuaminika. Jina lake silitaji hata humu, na siyo kwamba namficha. Kwetu Wanyakyusa mke hataji jina la baba mkwe. Hamsemeshi, hamtazami usoni, hali naye. Ukimwona anakuja njiani unaingia kwenye migomba mpaka apite. Tunaita ukutila, yaani kuogopa kwa heshima.

Najua kuna wasomi hapa wataniambia mila potofu. Mimi niliikuta. Familia nyingi wakati ule zilishaanza kuilegeza, ila siyo yule mzee.

Sasa mzee alikuwa na mbwa mwekundu, masikio yamesimama, kifua kipana. Kwa kuwa alizaliwa wakati kila kitu ni ruksa, naye wakamwita Ruksa. Mzee mwenyewe alikuwa anaita Luksa, maana wazee wetu herufi R inawapa shida. (Maongezi yote yalikuwa Kinyakyusa, hapa nawageuzia.)

Kazi ya Ruksa ilikuwa nguruwe pori. Chini ya mashamba yetu kuna bonde la mto lenye vichaka vizito, na mahindi yakianza kubeba tu, nguruwe wanapanda. Unaamka asubuhi unakuta nusu shamba imelala chini.

Mama mkwe miguu ilikuwa inamsumbua, kwa hiyo kumpikia mbwa kukawa kazi yangu. Ndiyo maana nasema naijua hii mada. Wanaume mnamjua mbwa akiwa anakimbia. Mimi nilimjua kwa kile anachokula na kile anachoacha nyuma ya nyumba.

Na alichokuwa anakula kilikuwa aibu.

Zamani, mama mkwe aliniambia, mbwa wa pale walikula ugali wa dona, maziwa yaliyobaki na makombo ya nyama siku ikipatikana. Halafu soko likafunguka. Maziwa yakapata wanunuzi wanaokuja mpaka mlangoni, hayakubaki tena. Mashine ya kukoboa ikaja, kila mtu akataka ugali mweupe ili majirani wajue amekuwa wa kisasa. Pumba nazo zikapata wateja, wafuga kuku na nguruwe.

Akabaki Ruksa na ukoko mweupe uliolowekwa kwenye chai iliyopoa. Ndugu zangu, chai! Mbwa wa kuwinda!

Juu ya hapo, mzee alikuwa na sheria yake. Siku mbili kabla ya kuwinda, mbwa hapewi kitu. Alisema mbwa aliyeshiba ni kama mgeni harusini, anatafuta tu pa kukaa.

Windo la kwanza nikiwa pale, Ruksa aliondoka vizuri. Asajile alinisimulia waliporudi. Alinusa, akapata, akamtoa nguruwe kichakani, akamfukuza kupanda kilima. Katikati ya kilima akapunguza mwendo. Akasimama, miguu inatetemeka, akalala chini. Nguruwe akaenda zake.

Wenzake mzee walicheka njia nzima. Mzee alipofika nyumbani akamwambia mama mkwe: "Huyu amekuwa mvivu. Nampa mpaka mahindi yavunwe. Asipokamata, simuoni hapa tena."

Kwetu kauli hiyo haina maana ya kumhamisha. Mbwa asiye na kazi alikuwa anapigwa rungu nyuma ya migomba, basi.

Niliumia sana. Nilijua yule mbwa siyo mvivu, ana njaa. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa upande wa pili wa barabara. Nikajiapiza kwamba huyu hafi kwa upishi wangu.

Nikamwambia Asajile azungumze na baba yake. Akanitazama kama nimemtuma mwezini. "Baba amewinda kabla sijazaliwa. Nikamwambie mke wangu anasemaje?"

Basi nikaanza mwenyewe, kimya kimya. Na hapa nakiri, niliharibu.

Asubuhi ya windo la pili, mzee akiwa ananoa mkuki, nilimwita Ruksa jikoni nikampa bakuli la ugali limejaa mpaka juu, na mifupa ya kuku. Nikamwambia leo utakimbia, Ruksa. Alikula mpaka akalamba bakuli. Nilifurahi kama nimelisha mtoto.

Hawakufika hata bondeni. Tumbo lilimvimba, akaanza kutapika ugali na vipande vya mifupa vyenye damu. Walimrudisha wamembeba begani. Alilala siku mbili bila kuinuka na mimi nililia, siwafichi.

Mzee akauliza nani amemlisha. Asajile akasema ni mke wangu. Amri ikatoka: mbwa asiguswe tena na mtu yeyote, chakula atapewa na mzee mwenyewe. Na sasa alikuwa na ushahidi, si mnaona mbwa akishiba anavyokuwa?

Hapo ndipo nilipojiuliza vizuri, nikakumbuka nyumbani Kisiba. Baba yangu naye aliwinda. Mbwa wake walikula jioni, wakalala, asubuhi wakaenda na tumbo jepesi lakini nguvu ya jana wanayo. Kumbe kosa langu halikuwa kumpa. Lilikuwa ni saa niliyompa na kitu nilichompa.

Lakini nitamwambiaje mzee? Nikamwomba mama mkwe apeleke maneno. Akakataa. "Mwanangu, mimi nikipeleka hayo, yeye atasikia kwamba unamfundisha. Acha."

Nilikaa na hasira siku tatu. Ya nne nikamwona mzee amekaa nyuma ya migomba anasuka kamba, na Ruksa kajikokota hadi mlangoni kwangu. Nikageukia ukuta, nikaanza kumsemesha mbwa kwa sauti.

"Ruksa, pole. Kosa ni langu, siyo lako. Nilikupa asubuhi, na nilikupa mifupa ya kuku, mjinga mimi. Ungekula jioni ukalala, asubuhi ungekimbia. Na hiyo chai na ukoko wanaokupa ni sawa na kumpa mkulima pipi akalime. Mimi ningepewa kukupikia mpaka mavuno, halafu ukishindwa, basi wakufanye watakavyo."

Mkwaruzo wa kamba ukakoma kule nyuma. Nasubiri mama mkwe aitwe, nisikie nimefukuzwa.

Mzee akakohoa. Halafu akasema, naye kwa mbwa: "Luksa, mwambie huyo anayekupikia, mpaka mavuno. Siyo siku moja zaidi."

Wakuu, nilikimbilia ndani nikakaa chini. Nilikuwa nimepata nilichotaka na sasa nikaogopa.

Kesho yake nikaanza kazi. Pumba zetu nikazuia zisiuzwe zote, nikazirudishia kwenye unga wake, ukawa karibu na dona. Akina mama wa kutoka Kyela walileta usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa. Vichwa na waliovunjika walikuwa hawana mnunuzi, nikawa navichukua.

Sokoni alikuwepo mchinjaji, mzee mmoja Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani. Damu kwake ni haramu, alikuwa anaimwaga. Nikaenda na kopo. Akauliza ya nani, nikasema ya mbwa. Akaliangalia kopo kama nyoka.

"Liweke chini hapo, mie siligusi, chombo cha mbwa kwetu huoshwa mara saba. Ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini." Halafu akaichota damu na kunijazia kutoka juu, bila kugusa. Nikiwa naondoka akaniita: "Ichemshe kwanza, usimpe mbichi. Naye kiumbe cha Mungu, usimnyime."

Tangu siku hiyo kila siku ya kuchinja damu yangu ilikuwepo.

Jioni napika ugali wa zile pumba na unga, natia damu iliyochemshwa au usipa uliopondwa, na boga au majani ya maboga. Chumvi hapana. Asubuhi ya kawaida kidogo tu. Maji safi muda wote, maana kabla ya hapo alikuwa anakunywa dimbwini.

Wiki ya kwanza sikuona kitu. Ya pili manyoya yakaanza kung'aa. Kinyesi kikawa kigumu, cha mbwa mzima. Mnacheka, lakini hiyo ndiyo ripoti ya kwanza ya chakula. Ya nne, mbavu zikafunikwa, na ukimshika paja unasikia nyama inakujibu.

Mahindi yalikuwa yanakauka. Majirani wawili walishaanza kuvuna.

Windo likapangwa. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilimlisha mapema, akashiba, akalala. Asubuhi hakupata kitu zaidi ya maji. Mzee akapita na mkuki wake, mimi nipo nyuma ya mlango. Alisimama kidogo akimtazama mbwa, akaondoka naye.

Siku ile sikufanya kazi yoyote ya maana. Mvua ya manyunyu, jiko linazima, naliwasha, linazima tena. Kila kelele kutoka bondeni nilisema ndiyo wanamrudisha.

Walirudi mchana. Nguruwe amebebwa kwenye mti na watu wanne. Ruksa anatembea mwenyewe, mguu mmoja una mchubuko.

Asajile alinieleza huku anacheka na machozi yanamtoka. Ruksa alimfukuza yule nguruwe kilima chote, wakapotea, wanaume wakabaki wanafuata mlio. Walipofika wakamkuta amembana kwenye mtaro, anabweka, anaruka pembeni, anarudi. Hakumwachia mpaka mzee akafika na mkuki.

Desturi ni mbwa kutupiwa utumbo pale pale, ungali moto. Mtu mmoja alishainua mkono. Mzee akamzuia, akasema mbwa aache kuhema kwanza, anywe maji, atakula jioni. Wenzake wakashangaa amejifunza wapi.

Mimi nilikuwa jikoni napuliza moto nilipoona kivuli mlangoni. Ni mzee. Nikainuka haraka nitokee mlango wa nyuma.

"Kaa," akasema.

Nikakaa, nimegeukia ukuta. Nikasikia na yeye anageuka, tukawa tumepeana migongo. Ruksa alikuwa kule uani kwa mama mkwe, hakuwepo hata wa kusingizia kwamba tunasema naye.

"Jioni utampa nini?"

Hiyo ndiyo mara ya kwanza kuniambia neno mimi, siyo kupitia mtu wala mbwa.

"Dona na damu, baba. Usipa umekwisha."

Akaondoka. Kesho yake mzee mzima alikwenda sokoni kwa miguu, akarudi na usipa amefunga kwenye jani la mgomba, akauweka mlangoni kwangu. Siyo vichwa. Samaki wazima.

Mahindi tulivuna. Lile rungu sikuliona likitoka ndani.

Somo langu, kwa aliyeuliza na kwa waliogonga laiki: njaa haimfanyi mbwa kuwa mwindaji, inamfanya aanguke katikati ya kilima. Mpe chakula kizito chenye protini jioni kabla ya kazi, siyo asubuhi. Akirudi, apoe na kunywa maji kidogo kidogo kwanza. Mifupa ya kuku iliyopikwa usithubutu. Tazama mbavu zake na kinyesi chake kabla hujamwita mvivu. Na siku hizi kabla ya kuwinda waulizeni kwanza watu wa maliasili, msije mkanitaja.

Wenye mbwa wa kazi karibuni, semeni mnalisha nini, hasa mlioko sehemu za baridi kama kwetu. Wa kupinga pia waje, nipo.

Na kama nyumbani kwako yupo anayejua jambo kuliko wewe lakini desturi imemfunga mdomo, tafuta namna ya kumsikia. Yule mzee alitafuta.